Kaburi la Mawe Sebuleni kwa Nyandwi

Alhamisi moja ya mwaka 1994, Koleta alipoamka kuchemsha chai, alikuta kaburi la mawe sebuleni. Mawe makubwa yalisimama juu ya zulia, na moja bapa lililala juu yake kama paa. Makochi yalikuwa yamesukumwa ukutani. Alifagia vumbi, kisha akamwita mumewe, Nyandwi.

Nyandwi aliyatambua. Yalisimama kwenye kilima karibu na Benaco tangu kabla watu hawajajua chuma. Yeye, mkandarasi, ndiye aliyeagiza yachomwe moto na kumwagiwa maji yapasuke, yawe kokoto za barabara ya kambi ya wakimbizi. Jiwe la juu lilipoanguka lilimponda kibarua wake, Thobias. Malori yalikuwa yanasubiri, hivyo Thobias alipakiwa pamoja na kokoto. Polisi waliambiwa amevuka mpaka.

Ndani ya kaburi walikaa wafu wa kale, magoti kifuani, wamebanana ili kuacha nafasi ya mtu mmoja. Walikataa kuzikwa kabla huyo hajafika.

Nyumba yenye maiti ni nyumba ya msiba, kwa hiyo majirani walileta kuni na ndizi. Na kwa kuwa msibani hapashikwi jembe wala kuwashwa gari mpaka watu wazike, malori ya Nyandwi yalinyamaza uani.

Eustakia, mjane wa Thobias, alifika na mkeka wake.

“Pole na msiba, shemeji. Sema ulimmwaga wapi, tuzike, tuondoke.”

“Mimi sijui lolote, mama.”

“Basi tutakaa. Koleta, ongeza maji sufuriani.”

Walikaa. Walimaliza mikaratusi ya Nyandwi kwa kuni, wakala mbuzi, wakahamia kwa ng'ombe.

“Usiharakishe kusema, Nyandwi,” alisema jirani, mzee Niragira, akitafuna. “Msiba huu una nyama laini.”

Malori yalipoota magugu, Nyandwi aliingia kaburini, akakunja magoti kwenye ile nafasi, akafumba macho. Wafu walimsukuma nje kwa viwiko.

“Hapo pana mwenyewe,” alisema Eustakia, akimsogezea bakuli la uji. “Kunywa. Nataka uishi sana.”

Alikunywa. Hakusema.

Wakimbizi walirudishwa kwao, msiba ukaendelea. Kila Eustakia alipokwenda sokoni, alivua ndala pale kokoto zilipoanzia, akatembea peku njia nzima, malori ya watu wengine yakimpigia honi, maana hakujua ni wapi anapomkanyaga mumewe.