Waragi ya Serikali

Petroli ilipoadimika nchini hata waheshimiwa wakaanza kufika bungeni kwa jasho lao wenyewe, Bunge lilishtuka, likapitisha sheria kwa muda ambao kwa kawaida halimalizi hata chai. Sheria ilisema kwamba petroli ichanganywe na pombe kali iliyopikwa humu humu nchini, kila mpishi awe na leseni, na asiyefaa kupewa leseni anyang'anywe mtambo.

Habari hizo zilimkuta Tabisa nyumbani kwake Bwera, akichochea moto chini ya pipa la kupikia pombe. Pipa hilo na bomba lake la shaba ndivyo vilivyolea watoto wake wanne tangu mumewe alipohamia kwa mwanamke wa mji wa Hima. Bila pipa, angerudi Karambi kulima shamba la kaka yake, na kaka yake hakuwa mtu wa kulimiwa bila kuhubiri.

Jumanne asubuhi aliwasili Zedekia, afisa wa nishati kutoka Kasese, akiwa na fomu kwapani na kijiko mfukoni. Nyuma yake ilikuja nusu ya kijiji, ikiongozwa na Mzee Semu, mteja wa Tabisa kwa miaka kumi na minane, pamoja na mkewe Docus, aliyekuja kuhakikisha kwamba mumewe haonji kwa niaba ya serikali.

"Mama, lete pombe yako tuipime."

Hapo ndipo mazoea yalipomponza Tabisa. Alikuwa na madumu mawili. La mlangoni lilikuwa na kikombe kimoja cha waragi, ile pombe kali yenyewe, na kilichobaki kilikuwa maji ya mto Lhubiriha. Hilo liliuzwa Bwera. La chini ya kitanda halikuwa na tone la maji, kwa kuwa wanunuzi wa Butembo, ng'ambo ya mpaka, kama Esperance aliyeketi pale akisubiri mzigo wake, huiwasha pombe kwa kiberiti kabla ya kuinunua. Tangu enzi za mama yake, afisa alikuja kukamata pombe kali tu. Basi kila mara alipewa dumu la mlangoni, akaonja, akadharau, akaenda zake. Mkono wa Tabisa ulikwenda mlangoni wenyewe.

Zedekia alijaza kijiko, akawasha njiti, akaigusisha. Njiti ikalia chwii, ikazimika.

"Mama, hii haiwezi kuendesha hata baiskeli."

"Jaribu tena, afande. Labda njiti ina baridi."

Njiti ya pili ikafa. Ya tatu nayo.

"Ile iko maji tu," Esperance alinong'ona, akicheka ndani ya kitenge chake.

"Isiyowaka si nishati," alisema Zedekia. "Sheria inaniagiza nichukue mtambo." Akalishika bomba.

Tabisa alimtazama Semu, kisha akalitazama bomba. Kusema ukweli mbele ya umati huu kulikuwa sawa na kujivua nguo sokoni. Kunyamaza kulikuwa Karambi, jembe na mahubiri.

"Liache hilo bomba," akasema. "Esperance, niletee dumu lako la chini ya kitanda."

"Lake?" Semu aliuliza. "Kwani yako mangapi?"

Dumu lilikuja, Zedekia akajaza kijiko upya, akawasha njiti. Moto wa buluu uliruka kutoka kijikoni, ukaunguza nyusi ya kushoto ya serikali. Zedekia alifurahi mno. Aliandika leseni juu ya paja lake, kisha, kama sheria ilivyotaka, akatoa kichupa cha petroli mfukoni, akaimimina ndani ya dumu ili pombe isinyweke tena. Esperance alipiga yowe. Wanaume wakavua kofia.

"Tabisa," alisema Semu kwa sauti ndogo, "miaka yote hii nilikuwa nakunywa nini?"

"Mto, mzee. Na harufu kidogo."

Umati uliangua kicheko, lakini Docus hakucheka. Alimgeukia mumewe polepole.

"Kumbe siku ile ulipomwita baba yangu mbuzi mbele ya wageni wa harusi, akili zako zilikuwa timamu?"

Semu alimsogelea Zedekia upesi, akauliza kama sheria mpya haikutaja mlinzi wa mtambo, mtu wa kulala papo hapo, hata kuanzia leo.

"Mtambo wa serikali," alisema Tabisa, akiitia leseni kifuani, "haulindwi na mtu anayelewa maji."