Chumvi ya Zamu ya Mchana

Mwalimu wa kemia alikuwa anaanua nguo uani, jua likielekea kuzama, mumewe alipofungua geti na kuingia. Hakuwa ameonekana tangu mwisho wa kiangazi. Sasa alikuwa wa chumvi, mwili mzima, chumvi ya mawe iliyo safi, na ukimtazama kifuani uliona ukuta ulio nyuma yake, umepinda kidogo. Pua yake, ambayo zamani ilikuwa ya duara, ilikuwa na pembe za mraba. Mkono wa kushoto ulikuwa umekunjwa juu ya kichwa, kama wa mtu anayejikinga na kitu kinachoanguka.

Mwalimu akatua kapu la nguo, akatazama mawingu. Akamwambia aingie ndani kabla mvua haijaanza. Mumewe akaingia, akiacha vumbi jeupe kila alipokanyaga.

Kwenye kiwanda cha chumvi alikofanya kazi walimwita Bingwa, kwa kuwa hakuna aliyemfikia kwa kushika beleshi. Zamu yake ilikuwa ya mchana. Walichota chumvi kwenye lundo la ghalani, lundo refu kuliko nyumba ya ghorofa, na kuipeleka kwenye mashine ya kusaga. Siku aliyopotea, meneja alituma mtu kusema kwamba Bingwa aliaga mapema na kuondoka na mkoba wake, na kama hakufika kwake, hayo ni ya mtu na mkewe. Mtaani watu walimalizia wenyewe: amepata mwanamke kwingine. Mwalimu aliendelea kufundisha. Alikonda, lakini hakukosa kipindi.

Mama mkwe alitoka jikoni, akamwangalia mwanawe kutoka juu hadi chini, akasema amekuwa baridi sana. Alitaka kumkumbatia kwa nguvu, mwalimu akamwomba afanye polepole. Shemeji mtu, mdogo wake Bingwa, ambaye alikuwa fundi wa vyuma, alifika na nyundo. Hakupenda kumwona kaka yake amekaa na mkono juu vile. Alisema mtu hawezi kulala namna hiyo.

"Shemeji, weka nyundo chini," mwalimu alisema.

"Namnyoosha kidogo tu. Mimi nanyoosha nondo kila siku."

"Nondo ni chuma. Chuma ukikigonga, safu zake zinateleza, na zile elektroni zinazozishika ni za wote, zinazifuata popote zinapohamia. Kinapinda, kinabaki kimoja. Huyu ni chumvi. Ndani yake sodiamu imetoa, klorini imepokea, kila chembe imezungukwa na zilizo kinyume nayo, na kuvutana huko ndiko kunakomshika. Mgonge, safu isogee hatua moja, zinazofanana zitatazamana uso kwa uso. Zitasukumana. Atapasuka wima, kama amekatwa kwa kisu."

Fundi akaitia nyundo mfukoni, akamshika kaka yake begani.

Walimuuliza alikuwa wapi. Midomo ilicheza, sauti haikutoka. Mama yake alidhani amenuna, akamkumbusha kwamba hata utotoni alikuwa na tabia hiyo. Mwalimu alijua kwamba chumvi kavu haipitishi umeme. Chaji zimejaa ndani yake, lakini kila moja imefungwa mahali pake, haina pa kwenda. Zikiingia majini ndipo zinaachiliwa. Akanyanyuka taratibu ili aliondoe beseni la maji ya vyombo mezani.

Alichelewa. Bingwa alikuwa ameshatumbukiza kidole.

Sauti ilitoka mwili mzima, ndogo, kama redio iliyo chumba cha pili. Alisema hakuaga mtu. Alisema meneja aliwakataza kuchota kutoka juu kwa sababu mashine inasubiri, kwa hiyo walichimba chini, mpaka chumvi ikawa imening'inia juu ya vichwa vyao kama dari. Mwalimu akamvuta mkono. Kidole kilikuwa kimeishia kwenye kiungo cha kwanza.

"Imetosha," alimwambia. "Nimeshajua. Kaa hivyo hivyo."

Bingwa alimtazama. Akarudisha mkono majini kwa makusudi.

"Wenzangu bado wanachimba chini," alisema. "Nipeleke."

Kesho yake walimpeleka kiwandani kwa gari la fundi, wamemfunika turubai kwa sababu ya manyunyu. Walifika wakati wafanyakazi wanakula chakula cha mchana. Meneja alitoka ofisini, akamzunguka, akamkwaruza bega kwa ukucha na kuonja.

"Chumvi ni yetu, hii naijua," alisema. "Mtu wenu simwoni."

Wafanyakazi wawili watatu waliitikia kwa kichwa. Ubora wa chumvi ile ulikuwa unaonekana kwa macho.

Pale uani palikuwa na hodhi la saruji la kunawia. Mwalimu alimshika mumewe kiwiko. Kwa kitambo alikuwa na nguvu ya kumzuia, maana ingetosha kumvuta kidogo tu. Akamwachia. Bingwa akaingia hodhini kwa mguu mmoja, kisha wa pili, na sauti yake ikafika hadi ukutani mwa ghala. Aliwaambia wachote kutoka juu. Alitaja nguzo ya ghala ambayo mwili wake umefukiwa chini yake. Alitaja nani aliita jina lake chumvi iliposhuka, na nani aliyeambiwa anyamaze. Miguu ilipoyeyuka na maji kufika kifuani alimwambia mkewe, mbele ya watu wote, kwamba hakuwa na mwanamke kwingine, na kwamba siku ile alikuwa na njaa, alitaka tu kurudi nyumbani. Wafanyakazi walisikiliza wamevua kofia. Kinywa kilipoyeyuka, sauti ilibaki kidogo majini, halafu nayo ikanyamaza. Mkono uliokunjwa ulibaki umelala ukingoni mwa hodhi, mama yake akauokota, akaufuta na kuufunga kwenye shuka.

King'ora kikalia. Mzee wa zamu alimsogelea mwalimu.

"Aliyosema ni kweli yote, dada," alisema. "Tulijua. Tulikuwepo."

Akachukua beleshi lake. Wote wakaingia ghalani, na mwalimu akasikia mabeleshi yanapiga lundo kwa chini, maana mashine ilikuwa inasubiri. Meneja aliagiza hodhi lisimwagwe. Lilipokauka kwa jua, walikwangua vijiwe vyenye pembe za mraba na kuvirudisha kwenye lundo.

Mvua kubwa zilipoanza, ilisemekana kwamba mzee wa zamu aliaga mapema.

Jioni moja mke wa mzee huyo alibisha hodi kwa mwalimu. Alikataa kukaa. Mumewe, alieleza, amerudi, yuko barazani kwake, anang'aa, mikono yote miwili imefunika uso, na anaonekana ana la kusema. Beseni analo. Alichotaka kujua ni kama atumie maji ya moto au ya baridi.

"Ya baridi," mwalimu alimwambia. "Utakaa naye zaidi kidogo."