Jina Juu ya Chungu

Sushma alikuwa akipepeta bizari mbele ya duka lake, mtaa wa Nabuyonga mjini Mbale, mgongo ameupa barabara, aliposikia mtu akimwita "Madam". Hakugeuka. Sauti ile aliijua. Ilikuwa imesema maneno machache tu juu yake huko Jinja, na maneno yale yakamtoa kazini, yakamtoa nyumbani, yakamwacha mjane.

"Afande," akajibu, na ungo ukaendelea kwenda juu na chini.

Topista alisimama pale na gunia dogo kwapani. Alikuwa amestaafu magereza zamani, ila bado alisimama kama mtu anayekaguliwa kwenye gwaride. Ni uso peke yake uliokuwa umestaafu kweli: umesinyaa, na macho yameingia ndani. Sushma alimwangalia kwa pembeni, akafurahi kidogo, halafu akajichukia kwa kufurahi. Tusimlaumu. Aliyekukanyaga ukimwona anachechemea, moyo hucheka kabla akili haijaukanya.

Wala usidhani ugomvi wao ulikuwa wa kawaida. Kati ya Jinja na Mbale hakuna asiyewajua Wenye Chungu. Ndio wanaopika dawa ya kuponya, na ni marufuku mwingine kuipika. Nyumba yao iko Jinja, karibu na mahali mto unapotoka ziwani, ina ukuta mrefu na geti la chuma, na mkubwa wao ni Narendra, shemeji yake Sushma, mtu laini wa maneno na mgumu wa roho. Wakubwa wakiugua hupokelewa getini kwa chai. Sisi wengine hungoja zamu, na wengi zamu huwafikia wameshazikwa.

Nguvu zao hazikutokana na bunduki. Zilitokana na kuikata elimu vipande. Wachumaji waliletwa kutoka mbali, wakaapishwa, wakapandishwa mlima Wanale kuchuma. Walilijua jani, hawakujua linapikwaje. Wapishi wa Jinja walijua kupika, lakini jani liliwafikia limekwisha kutwangwa, unga wa kijani usio na sura. Na walinzi wa mlango, askari wastaafu kama Topista, hawakujua kupika. Kazi yao ilikuwa kusikiliza.

Kwa maana dawa ile ina masikio. Tangu ianze kuchemka mpaka ipoe, jina la mtu litakalotajwa kwanza juu yake ndilo humiliki chungu kizima. Itamponya huyo peke yake, hata kama roho imefika kooni, na wengine wakiinywa ni sawa na kunywa maji ya kuoshea sufuria. Lisipotajwa jina, chungu kimoja huwatosha wengi, ila huponya polepole, na aliyezama sana hakimuwahi. Ndiyo maana wapishi hupika kimya, na mlinzi huketi mlangoni. Akisikia jina, huinuka akakipiga chungu teke.

Siku ya maneno yale, Nitin, mumewe Sushma, alikuwa akikata roho ghorofani, na Sushma, mmoja wa wapishi, yuko chini jikoni, chungu kinatokota mbele yake. Tangu aolewe hakuwahi kumwita mumewe kwa jina. Mama yake alimlea kwamba mke mwenye adabu halitamki jina la mume, na yeye alijivunia adabu ile. Mara ya kwanza kulitamka, alilitamkia chungu. Topista akainuka kwenye kiti chake, akasema dawa ni ya watu wote, akapiga teke. Nitin hakuiona jioni. Sushma alifukuzwa kabla ya matanga kwisha, akaja Mbale kuuza viungo.

Na sasa mwenye teke lile amesimama mlangoni kwake.

Topista alieleza kwa kifupi, kama anayetoa ripoti. Binti yake wa pekee, Peace, alikuwa anasoma hapa Mbale na kupanga chumba mtaa wa Nkoma. Homa ilimshika, hospitali zikashindwa, na tangu juzi hamtambui hata mama yake. Topista alikwenda kwa Narendra akapiga magoti. Narendra akamwinua kwa upole, akamwambia chungu kijacho kina wenyewe, angoje zamu. Kanuni ni kanuni, na nani azijue kuliko yeye? Kwa hiyo akapanda Wanale mwenyewe, akawanyemelea wachumaji, akaona wanachuma nini. Walipoondoka akachuma na yeye.

"Mimi najua nilikufanyia nini," akasema. "Siombi unisamehe. Naomba tu upike."

"Wewe ulimwaga dawa ya bwana yangu. Sasa unataka mimi nipike ya mtoto yako."

"Ndiyo."

Sushma aliweka ungo chini. Alikuwa ameiota siku hii mara nyingi. Katika ndoto alikataa kwa neno moja, akafunga duka, akalala usingizi mtamu. Kumbe ndoto haimwonyeshi mtu uso wa anayeomba. Alimtazama Topista, na hasira aliyoifuga miaka yote hiyo ilikuwapo palepale, nzima. Ili apate muda akaomba kuona gunia.

Alilifungua, akatoa jani moja. Hakuwa amewahi kuliona jani lenyewe, yeye aliyelipika nusu ya maisha yake. Na bado alilijua. Yalikuwa magugu. Magugu yaleyale yenye maua meupe yanayosumbua chini ya migomba kote Wanale, ambayo wanawake huyang'oa kwa jembe na kuyatupa njiani, na hata mbuzi hawayataki. Alikuwa akiyakanyaga kila alipokwenda kununua tangawizi kwa wakulima.

Akaanza kucheka, kicheko kibaya kisicho na furaha. Nitin alikufa kwa kukosa magugu. Pale getini watu waligawiwa dawa kwa kikombe kidogo kama divai ya kanisani, wakaambiwa washukuru, na dawa inaoza barabarani. Kwa mara ya kwanza tangu msiba, alipotafuta wa kumchukia hakumwona Topista. Alimwona mwanamke aliyeketishwa mlangoni, akafundishwa kuipenda kanuni kuliko watu, kama yeye alivyofundishwa kuuogopa mdomo wake mwenyewe.

"Nitapika," akasema. "Lakini mimi sitaji jina tena juu ya chungu. La mtu yeyote. Wewe unajua dawa ya wote inaenda polepole. Ukitaka ya mtoto yako peke yake, mdomo uko nao."

Topista akaitikia kwa kichwa.

Walipikia chumba cha nyuma, katika chungu ambacho Sushma hupikia dengu. Mkono wake haukuwa umesahau kitu. Jani likatolewa kwenye kikonyo, likapondwa na chumvi ya majivu, maji yakatiwa kidogo kidogo, mwiko ukazungushwa upande mmoja bila kurudi. Topista, kwa mazoea, alivuta kiti akaketi kwenye mlango wa dukani, uso kwenye chungu. Maji yalipoanza kutokota wote wawili wakafunga midomo.

Jambo moja walilisahau. Jinja dawa hupikwa nyuma ya ukuta, na bomba la moshi limeelekea mtoni. Nabuyonga hapana ukuta. Harufu ile, ya mvua ya kwanza juu ya vumbi, ilipita dirishani ikaingia barabarani, na kila aliyewahi kuinusa, hata mara moja getini Jinja, alisimama. Topista alikuwa wa kwanza kuwaona. Mwanamke mwenye mtoto wa mguu uliovimba. Mzee anayekohoa ndani ya leso. Mwendesha boda boda aliyezima pikipiki yake na kuisukuma ili isipige kelele. Wamboga, fundi viatu wa jirani, amembeba mama yake mgongoni. Walikuja wakazidi kuja, wakaketi chini mbele ya duka, na hakuna aliyefungua mdomo, maana desturi ya chungu kila mtu anaijua. Mama mmoja alimziba mwanawe mdomo kwa kiganja. Barabara nzima ikawa kimya mchana kweupe.

Sushma naye aliwaona. Alikoroga, akimwangalia mgongoni Topista, aliyekuwa amegeuka kuwatazama. Alitambua jinsi mabega yale yalivyokakamaa: ni mabega ya mtu anayehesabu watu wasio wake. Kanuni aliyoitetea kwa teke ilikuwa imeketi pale nje kwenye vumbi, ina mguu uliovimba na kikohozi. Mara hii haikuwa neno tu. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, ndivyo tunavyosema, lakini nje pale walijaa wazazi, na wana waliobeba wazazi.

Povu likapanda, likasimama ukingoni. Huo ndio wakati wenyewe. Topista aliinuka, akaja akasimama juu ya chungu. Alitazama mlangoni, akatazama moto, na machozi yakamshuka bila yeye kuyapangusa. Halafu akalitaja jina la binti yake, kwa sauti ndogo, kama anamwita aje kula.

Harufu ikakatika hapohapo. Nje, watu waliinua vichwa.

Sushma alikuwa amesimama karibu na chungu, mguu wake hauna safari ndefu. Teke moja tu. Nisiwe mnafiki: mguu ulitaka. Aliusikia ukitaka, mpaka vidole vikajikunja ndani ya champali. Akaurudisha nyuma kwa nguvu kama anayevuta ng'ombe mkaidi, akapangusa mikono, akatoka nje.

"Dawa imeharibika," akawaambia. "Nimetaja jina. Sasa ni ya mtu moja tu. Mnisamehe."

Ikaja minong'ono, kisha sauti. Mmoja alisema ndivyo walivyo wote, wa Jinja na wa hapa. Mwenye mtoto alianza kulia bila sauti. Wamboga hakutukana; alimpandisha mama yake vizuri mgongoni, akauliza, "Mama, kwa nini? Tulinyamaza sisi wote."

Sushma alikuwa amelibeba jina la mwenye kosa zamani, akaona kulibeba mara ya pili si kitu.

"Si yeye."

Topista alikuwa ametokea nyuma yake, chungu amekikumbatia kwa kanga. "Mimi nilikuwa mlinzi ya mlango Jinja. Kazi yangu ni kusikia jina na kusema nani ametaja. Leo nimesikia. Ni mimi nimetaja. Ni mtoto yangu, yuko Nkoma, anakufa." Akashuka ngazi, akasimama katikati yao, chungu usawa wa kifua, wala hakukificha. "Kanuni inasema mwenye kusikia anapiga teke. Mmesikia."

Alikuwa mbele ya Wamboga. Huyo ndiye aliyekuwa karibu, na hasira anayo, na haki anayo. Bibi mgongoni alimsemesha mwanawe sikioni kwa Kimasaba, lugha ya kwao. Wamboga akasita. Bibi akarudia neno lilelile, kwa ukali kidogo, jinsi mama anavyomwambia mtoto asichezee chakula. Wamboga akavuta miguu akampisha, na waliokuwa nyuma yake wakapisha. Mwenye boda boda akawasha pikipiki.

"Nenda, Mama Peace," Sushma akamwambia. Hakumwita Afande.

Pikipiki ilipopotea, Sushma aliingia ndani akatoka na vikonyo vilivyobaki gunini, na majani machache juu yake. Akavinyanyua watu wote waone. Akawauliza kama wanalijua jani hili. Walilijua, na mwanamke mmoja wa Wanale akasema jana tu ameyang'oa shambani akayatupa, kwani kuna nini? Sushma akamwambia kuna nini. Kimya kilichofuata hakikuwa cha desturi. Kilikuwa cha watu wanaokumbuka, kila mmoja, maiti yake.

Kabla jua halijapinda, majani yalikuwa yanashushwa Wanale kwa magunia, kwa matenga, mengine kwenye kanga na magauni ya gomesi yaliyokunjwa mapajani. Sushma aliwaambia wanawake waingie waone kwa macho. Walipikia sufuria, walipikia vyungu, na yeye akapita akirekebisha mikono. Aliogopa, na aliwaambia anaogopa, kwa sababu habari za namna hii hazilali njiani. "Shikeni haraka," aliwasihi. "Wakinichukua mimi, isiwe wamechukua dawa."

Topista alirudi asubuhi, macho mekundu, chungu kitupu kichwani. Binti alikuwa amemwomba uji. Hakusema zaidi, akatafuta kiti chake. Alikiweka kwenye mlango uleule, ila safari hii akaupa moto mgongo, uso ukaelekea barabarani.

Gari la Wenye Chungu lilifika muda mfupi baadaye. Narendra mwenyewe alishuka, suti ya kijivu, nyuma yake askari wake wastaafu. Topista akainuka, akaweka kidole mdomoni, akawaonyesha kwa mkono mwingine moshi unaotoka nyuma ya nyumba. Wote wakajua chungu kinachemka. Narendra alikuwa amekuja kumtaja mtu na kumkamata. Alifungua mdomo, na mazoea ya maisha yake yote yakaufunga.

Akachungulia ndani juu ya bega la Topista amtafute mpishi. Moto ulikuwa mwingi, na kwenye kila moto palikuwa na mwanamke mwenye mwiko, akikoroga upande mmoja bila kurudi.