Miguu ya Justina

Bertilla alipofungua kanga ili bibi amwone mjukuu, mama mkwe wake Otilia hakupiga vigelegele. Aliitazama ile miguu, nyayo zote mbili zimegeukia ndani, akarudi nyuma mpaka mgongo ukagusa ukuta.

"Justina," alisema. "Amerudi."

Katika nyumba ile ya huko Pito hakuna aliyewahi kumtajia Bertilla jina hilo. Mumewe, Yusto, alikuwa mpakani Kasesya na lori. Alipoulizwa kwenye simu, alieleza: Justina alikuwa dada yake mkubwa, aliyezaliwa na miguu ya namna hiyo, hakutembea kamwe, alijiburuta tu. Siku moja ya kuvuna ulezi, watu wote wakiwa shambani, nyumba yao ya nyasi ilishika moto. Yeye alikuwa ndani.

"Usimuulize mama," alisema.

Bertilla hakuuliza. Lakini tangu hapo, akiwa jikoni mchana, alikuwa akisikia kitu kikijiburuta sakafuni chumba cha pili. Akienda, anamkuta mwanawe Jane amelala, na Otilia kamwinamia, anamnong'oneza kwa Kifipa kama anayeomba msamaha.

Hospitalini mjini, Atusaye, mtaalamu wa mazoezi ya viungo, alimwambia Bertilla amnyonyeshe mtoto ili atulie. Jane akinyonya, yeye akausukuma unyayo kwa dole gumba, taratibu, bila kuulazimisha.

"Huu ni mguu kifundo, yaani unyayo uliopinda tangu kuzaliwa. Si laana, wala hukukosea chochote ulipokuwa mjamzito. Viungo vyake bado laini. Tutafunga plasta toka vidoleni mpaka pajani, kila wiki tunafungua, tunanyoosha kidogo, tunafunga tena. Baadaye tutakata kidogo kano ya kisigino, halafu atavaa viatu vilivyounganishwa kwa chuma."

Plasta ya tatu haikumaliza wiki. Bertilla alitoka bombani akamkuta Otilia uani, kampakata Jane, miguu ya mtoto imo ndani ya beseni la maji, plasta inamong'onyoka.

"Mama! Unafanya nini?"

"Mmemfunga miguu. Moto ukija, atatokaje?"

Bertilla aliketi palepale penye maji, akamshika mama mkwe wake mkono. Kesho yake walipanda bajaji pamoja kwenda mjini.

Atusaye hakugomba. Aliuweka mguu wa Jane kiganjani mwa Otilia. "Shika hapa, mama. Unaona unavyokubali?"

Otilia aliushika kitambo kirefu. "Na wa mtoto wa zamani? Ungekubali?"

Atusaye alimtazama Bertilla, kisha akamgeukia Otilia. "Ungekubali. Ila siku hizo hapa kwetu hakukuwa na wa kuufunga."

Otilia hakuuachia ule mguu mpaka ilipoletwa plasta mpya.

Sasa Jane anatembea, nyayo zote mbili zimekanyaga chini. Viatu vile vyenye chuma huvaa wakati wa kulala tu, na ataendelea navyo mpaka afikishe miaka minne. Otilia ndiye humvisha, hataki mwingine aviguse. Parokiani aliomba misa ya marehemu, na jina la Justina likasomwa mbele za watu kwa mara ya kwanza.

Ila komeo la mlango wa chumba anacholala mtoto, Otilia ameling'oa. Yusto aliporudi safari alichukua nyundo alirudishie. Bertilla alimzuia.

"Liache," alisema. "Mama hatalala."