Miiko ya Okiloriti

Mwaka wa tatu wa vita, Arusha nzima hapakuwa na mtu aliyeijua mikojo kuliko Kishor. Kila asubuhi, kabla hajafungua duka lake la dawa, alichukua matone manane ya mkojo wa mkewe, akayatia kwenye kichupa chembamba chenye dawa ya buluu, akakichemsha juu ya taa ya spiriti, kisha akasimama kama mtu anayesubiri kusomewa hukumu. Ikibaki buluu, hakuna sukari. Ikigeuka kijani, ipo kidogo. Njano, ipo nyingi. Ikiwa nyekundu kama tofali, siku hiyo wateja walihudumiwa na mtu asiyesikia wanachoagiza.

Kalpana alikuwa na miaka ishirini na sita, na bangili ambazo siku ya harusi zilivishwa kwa sabuni. Sasa akiinua mkono kufunga nywele, ziliteleza zote mpaka kwenye kiwiko. Kilichomweka hai ni sindano ya insulini, na insulini ilikuja kwa meli, na meli za siku zile zilizama kama mawe. Ilibaki chupa moja, imezamishwa kwenye mtungi wa maji isiharibiwe na joto: dawa ya siku kumi na moja. Hospitali nayo iliingoja meli hiyohiyo. Barua kutoka Mombasa ilisema wiki tano, labda. Ile "labda" Kishor aliisoma mara nyingi, lakini haikulainika.

Aliyemletea tumaini aliingilia mlango wa nyuma. Nashipae, mama wa Kiarusha, alishuka kila siku kutoka Ilkiding'a na vibuyu vya maziwa. Alipomwona Kalpana amekaa kizingitini amechoka kabla ya jua kuwaka, alisema hayo anayajua. Baba mkwe wake, mzee Sakaya, alikuwa akikojoa mpaka sisimizi wanapanga foleni. Sasa amepata nguvu za kumtukana kila mtu bomani.

"Kapewa nini?" Kishor aliuliza, dawa ya mteja ikimmwagikia vidoleni.

"Okiloriti. Gome la mgunga ule wenye miiba mirefu. Tunachemsha na supu."

Kishor akampa chupa tupu. "Niletee mkojo wake."

Nashipae alicheka mpaka akashika mlango. "Mama, mumeo maziwa ameacha? Siku hizi anakunywa nini?"

Lakini alileta. Kishor akachemsha, na dawa ikawa kijani, kijani hafifu ya jani la kahawa linalochipua. Mzee wa miaka sabini, bila sindano hata moja! Akafungua daftari, akaandika kila kitu: mti gani, gome la upande gani, uzito gani, linachemka muda gani.

"Na miiko," Nashipae alisema.

"Miiko ipi?"

"Mwezi mzima wa dawa, mpaka mwezi ufe, haonji kitu cha shamba. Mahindi hapana, ndizi hapana, maharage, pombe, asali, vyote hapana. Hata maziwa. Ni nyama, mafuta, supu na majani kidogo."

Kishor akaandika neno moja, akafunga daftari.

Nyama haikuwezekana. Kalpana alilelewa Kijaini, dini isiyoruhusu kuua kiumbe, hajawahi kugusa hata yai. Hilo halikumsumbua Kishor. Nguvu imo ndani ya gome, alisema, supu ni punda tu wa kuibebea. Yeye ataitoa nguvu yenyewe, safi, isiyohitaji punda. Nashipae akamletea gome lote lililokuwa nyumbani, nusu gunia, ambalo kaka yake alilitoa mbali huko Oldonyo Sambu.

Siku mbili alitwanga kwenye kinu cha chuma. Akaloweka kwa maji ya moto, akaloweka kwa spiriti, akachuja kwa bafta, akakausha kwenye sahani, akapata magamba ya kahawia yanayokaza ulimi kama ndizi mbichi. Alijionjesha kwanza. Hakufa, na hilo alilichukulia kuwa maendeleo.

"Meza na chapati, yasikuchome tumbo," alimwambia mkewe. "Na sindano nitaipunguza. Dawa mbili zikifanya kazi pamoja, nitajuaje iliyofanya ni ipi?"

"Unasikia?" alisema Kalpana. Kwa adabu ya kwao hakuwahi kumtaja mumewe kwa jina. Miaka saba ya ndoa alimwita hivyo. "Ukiwa umekosea?"

"Nitaona kwenye kichupa."

"Wewe utaona kwenye kichupa. Mimi nitaona wapi?"

Kishor akaenda kupima magamba.

Siku ya kwanza, njano. Akasema gome halijaingia damuni. Siku ya tatu, rangi ya chungwa. Akaongeza magamba. Siku ya nne, tofali. Siku ya tano Kalpana alishindwa kuinua kichwa. Alitapika mpaka tumbo likabaki halina kitu, akawa anavuta pumzi ndefu za mtu aliyepanda mlima, na pumzi hizo zilinuka ndizi zilizoiva zikasahauliwa. Kishor aliijua harufu ile kutoka kwenye kitabu cha daktari. Ilikuwa ukurasa wa mwisho wa sura.

Aliacha duka wazi, akamchoma sindano, akangoja, akamchoma tena, akamnywesha maji ya chumvi kijiko kwa kijiko. Alisali kwa kila jina alilofundishwa na mengine aliyoyasikia kwa majirani. Jua lilipoelekea magharibi, Kalpana akafumbua macho.

"Mwambie yule mzee," alisema kwa sauti ya karatasi, "gome lake ni kali kuliko ugonjwa."

Kishor aliinua chupa ya insulini kwenye mwanga. Imebaki ya siku nne.

Asubuhi yake jirani akakaa na Kalpana, na Kishor akapanda Ilkiding'a akiisukuma baiskeli zaidi kuliko kuipanda, taa ya spiriti na dawa ya buluu zikigongana kikapuni. Alimkuta Nashipae anafagia.

"Umenipa kuni!" alifoka, hata salamu hakuitoa. "Mke wangu nusura afe kwa kuni zako!"

Nashipae akaegemeza ufagio. "Alikuwa anakula nini?"

"Chapati. Wali. Dengu. Chakula cha watu!"

"Na miiko?"

Mzee Sakaya alikuwa ameketi ukutani akiota jua. "Mhindi," aliita, "kwanza salimia."

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Siku ile binti huyu alipokutajia miiko, uliandika. Aliniambia. Hebu tusomee."

Kishor akafungua daftari. Angeweza kuwadanganya, hakuna aliyejua kusoma pale. "Nimeandika... 'upuuzi'."

Mzee alicheka mpaka kikohozi kikamkamata, Nashipae akawa anampiga mgongoni huku naye akicheka.

"Upuuzi ndio ninaokula mwezi huu," alisema mzee akifuta machozi. "Maana gome lenyewe ulilibeba wewe lote, nimebaki na miiko tu. Leo siku ya nane sijalionja."

Kishor akasimama wima. Siku nane! Basi jibu lilikuwa limeketi pale ukutani. Kama gome ndilo dawa, mzee sasa mkojo wake utakuwa tofali, na kosa litakuwa la kinu chake tu. Atachemsha upya, atafanya vizuri zaidi, Kalpana atapona. Akaomba mkojo. Akawasha taa kando ya zizi.

"Iwe nyekundu," alinong'ona. "Mungu wangu, iwe nyekundu."

"Unaniombea ugonjwa, bwana?" mzee aliuliza.

Dawa ikachemka. Ikawa kijani, ileile ya jani la kahawa.

"Si nzuri hiyo?" Nashipae aliuliza. Kishor alikuwa amekaa chini kwenye samadi, na suruali yake ya dukani.

Hakukuwa na kitu ndani ya gome. Kilichomshusha mzee sukari ni kile asichokula. Na kitabu cha daktari hakikuficha: mzee kama Sakaya anaweza kuishi hivyo miaka, kijana kama Kalpana, kuacha wanga kunamcheleweshea kifo tu.

Aliporudi alimweleza mkewe yote, hata lile neno la daftarini. Kalpana alimsikiliza akiwa amelalia upande.

"Kwa hiyo dawa yenyewe ni kutokula."

"Samli kidogo na majani. Na sindano robo. Haitatosha, Kalpana."

"Unasikia? Nikiwa na miaka kumi na sita nilifunga siku nane kwa maji yaliyochemshwa tu. Walinitembeza mtaani kwa ngoma. Wewe kwenu ulifunga nini, zaidi ya duka?"

Kishor akaenda kutafuta samli.

Kesho yake Nashipae alikuja bila kibuyu. Alileta furushi la mnafu, mboga chungu ya majani. "Ule uchungu wake ndio supu yako, mama," alisema, akaanza kuchambua bila kukaribishwa.

Kishor alivuta sindano robo, akarudisha chupa mtungini. "Ikienda hivi, siku kumi na sita," alisema. "Meli ni siku ishirini na sita. Kama ile labda ni kweli."

Kalpana alikuwa na uzi mwekundu. Alizikusanya bangili, akazifunga pamoja na uzi juu ya kifundo cha mkono zisianguke, akavuta fundo kwa meno.

"Zinapungua siku kumi," alisema. "Nane nilishaziweza. Ni mbili tu zaidi."

Kishor akageuka kuwasha taa ya spiriti. Kibiriti cha kwanza kilizimika, na cha pili.