Uhakiki wa Walio Hai

Mjomba Greda hakujaliwa mtoto, ila alikuwa na mpwa, na mpwa huyo alimtosha. Dada yake alipofariki, alimchukua binti yule kabla hajang'oka meno ya utoto, akamlea kwa mshahara wa dereva wa greda wa idara ya barabara, akamsomesha hadi akawa mkaguzi wa hesabu katika Ofisi ya Ukaguzi ya jimbo. Jina ambalo mjomba alipewa na wazazi lilishasahaulika. Hata mkewe alimwita kwa jina la mtambo. Alipostaafu alibaki na mambo mawili ya kujivunia: barabara iendayo mjini, ambayo aliisawazisha kwa mikono yake, na mpwa wake.

"Huyu anawakagua wakubwa," aliwaambia majirani kila binti alipokuja kumsalimu. Kwa kweli alikuwa akikagua hati za malipo kwenye chumba kisicho na dirisha, lakini hakumsahihisha. Mzee akifurahi muache afurahi.

Mwaka ule ofisi ilimpa Mkaguzi kazi nzito kuliko zote alizowahi kushika: kukagua Mfuko wa Pensheni wa watumishi wa jimbo. Alizama humo na wenzake wawili kwa msimu mzima wa mvua. Waliyoyakuta yalimnyima usingizi. Watu waliozikwa zamani walikuwa wakilipwa pensheni kila mwezi, na si kwa bahati mbaya. Akaunti zao zilikuwa zimefunguliwa baada ya misiba yao, zote katika tawi moja la benki, na zote zimeidhinishwa na idara moja ya Mfuko. Marehemu hajifungulii akaunti. Palikuwa na walio hai waliokuwa wakiwala wafu.

Katika ripoti yake aliweka mapendekezo mawili. La kwanza, maofisa walioidhinisha malipo hayo wachunguzwe na wafikishwe mahakamani. La pili, wastaafu wote wahakikiwe. Aliyapanga hivyo kwa makusudi. Ndoo ikivuja unaziba tundu kwanza, huanzi kuyahesabu maji.

Mkurugenzi wa Mfuko alikwenda mbele ya kamati ya baraza la jimbo akiwa na sura ya mfiwa. Alikuwa mtu mnene, mpole, mwenye sauti ya kubembeleza mtoto. Aliisifu ripoti hadi wajumbe wakatikisa vichwa kukubali. Alisema wakaguzi wamemfumbua macho, na kwamba hatalala mpaka mstaafu hewa wa mwisho aondolewe. Kuhusu maofisa wake alisema suala hilo linafanyiwa kazi, na hapo hapo akalifunika kwa tangazo: kila mstaafu afike mwenyewe makao makuu ya Mfuko, na kitambulisho chake, kabla mwezi haujaisha. Asiyefika atahesabiwa amekufa.

Magazeti yalishangilia. Bosi wa Mkaguzi, mzee mtaratibu aliyekuwa akikaribia kustaafu mwenyewe, alimwita ofisini akampa mkono. Mkaguzi alifurahi, kwa nini asifurahi? Jioni alimpigia mjomba kumuuliza kama amesikia habari ya uhakiki. Mjomba akajibu kwamba amesikia, mambo shwari, asijisumbue na wazee, afanye kazi. Naye akafanya kazi.

Miezi ilipita. Siku moja mkaza mjomba alimpigia simu, jambo ambalo si kawaida yake, akasema kwa sauti ya chini kwamba njoo umwone mjomba wako, ila usimwambie kama ni mimi niliyekuita.

Mkaguzi alimkuta mzee amekaa kizingitini. Mguu mmoja alikuwa ameshakatwa miaka ya nyuma kwa ajili ya kisukari. Sasa na ule uliobaki ulikuwa umefungwa bendeji. Mabega yaliyokuwa yakizungusha usukani wa greda yalikuwa yamebaki mifupa mitupu. Ndani, kabati la vyombo halikuwapo, wala cherehani ya mkaza mjomba. Hakuna aliyehitaji kueleza vimekwenda wapi.

"Karibu msibani," mjomba akamwambia. "Marehemu ndiye mimi."

Kisha akasimulia kama anayesimulia kisa cha mtu mwingine. Tangazo alilisikia, lakini wiki ile ile mguu ulikuwa umevimba, na hospitali walimlaza. Alipotoka, mwezi ulikuwa umekwisha. Alipelekwa benki kwa baiskeli ya jirani, na karani wa benki akamwambia kwa heshima zote kwamba mzee, humu unaonekana umeshafariki.

"Nikamwambia, basi mwanangu, nipe rambirambi zangu niondoke."

Alicheka peke yake. Mkewe alikuwa amegeuzia uso ukutani. Dawa za sukari mzee alizipunguza zikawa siku moja kunywa, siku moja kuacha, kisha zikaisha.

Mkaguzi alimuuliza kwa nini hakumwambia. Mzee alivuta uzi uliochomoza kwenye bendeji.

"Redioni walisema ni kazi ya ofisi yenu," akasema. "Majirani wote walisikia, maana mimi ndiye niliyewaita waje kusikiliza. Sasa ningesemaje? Mwanangu kaniua?"

Mkaguzi aliinuka. Alitoka uani akajifanya anapokea simu.

Kesho yake alikwenda kwa Mkurugenzi. Alipokelewa kama mkwe. Aliketishwa kwenye kochi laini, akaletewa chai, akavikwa kilemba cha ukoka mpaka masikio yakamwasha. Alipomaliza kueleza habari ya mjomba wake, Mkurugenzi alishika shavu kwa masikitiko.

"Dada yangu, naumia kama wewe. Lakini nikimrudisha mtu ambaye hajafika hapa mwenyewe, si wewe huyo huyo utakayeniandika?"

Alilisema bila kejeli, na hilo ndilo lililomchoma zaidi. Lilikuwa jibu sahihi. Angelikuta jibu hilo kwenye jalada angelipitisha. Mkurugenzi akamsogezea sahani ya biskuti, akaongeza kwa upole kwamba ripoti ya ufuatiliaji inakuja mwishoni mwa mwaka, na kwamba anaamini kati ya ofisi zao mbili hakuna jambo lisilozungumzika. Wakati mwingine, alisema, pendekezo la kwanza linaweza kusubiri kidogo, kama vile mzee naye anavyoweza kuharakishiwa.

Mkaguzi aliweka kikombe mezani. Alisema kwamba mjomba wake atafika mwenyewe.

Alikodi gari, wakamlaza mzee kiti cha nyuma mkewe akiwa amempakata kichwa. Walipofika makao makuu, ua ulikuwa umejaa wazee. Hawa wote walikuwa marehemu wa Mfuko: muuguzi wa zamani aliyepofuka, mpiga chapa mwenye mkono unaotetemeka, mlinzi wa magereza ambaye mwanawe alimbeba mgongoni kama gunia. Wengine walikuwa wamelala hapo hapo nje tangu jana. Mpiga chapa alimtambua Mjomba Greda, wakasalimiana kwa kicheko, wakaulizana nani kafa kweli na nani kafa kwa tangazo.

Ofisi ya uhakiki ilikuwa ghorofani na lifti ilikuwa mbovu. Walinzi wawili walimketisha kwenye kiti wakampandisha nacho, wakipumzika kila ngazi zilipokata kona. Juu, kijana wa mashine alimwomba babu aweke kidole kwenye kioo. Mashine ikakataa. Wakajaribu kidole kingine, na kingine. Wakamnawisha, wakamfuta kwa spiriti. Usukani, vyuma na lami vilikuwa vimeikwangua ngozi ile ikawa laini kama kokoto ya mtoni.

"Mzee, huna alama," kijana akasema. Hakuwa mkali, alikuwa amechoka. "Mfumo haukubali mtu asiye na alama."

"Si ananiona?" Mjomba Greda akamuuliza mpwa wake. "Mwambie anitazame."

Mkaguzi alianza kupaza sauti. Alitaja kanuni, akataja cheo chake, jambo ambalo hakuwahi kulifanya mbele ya mtu. Watu kwenye foleni wakageuka. Ndipo mlango wa mwisho wa ukumbi ukafunguliwa na Mkurugenzi akatoka, mikono ya shati imekunjwa, anauliza kuna nini hapa, kwa nini mzee wetu anateswa. Alichuchumaa mbele ya kiti cha Mjomba Greda, akamshika mikono yote miwili, akasema vidole hivi vimejenga barabara zetu. Aliagiza karatasi iletwe, akaandika juu ya goti lake mwenyewe kwamba amemwona mzee huyu kwa macho yake na kwamba yu hai, akatia saini na muhuri. Foleni nzima ikapiga makofi. Mjomba Greda alilia. Alimwekea Mkurugenzi kiganja kichwani, akamwombea maisha marefu na watoto wema.

Mkaguzi alisimama pembeni ameshika begi la dawa. Aliona jinsi mkono ule mnene ulivyompigapiga mzee begani, na jinsi macho ya Mkurugenzi yalivyoinuka yakamtazama yeye, kwa utulivu tu, kama mtu anayefunga duka jioni baada ya biashara nzuri.

Pensheni ilirudi. Ya miezi ya nyuma haikulipwa, kwa kuwa kanuni haziruhusu kumlipa mtu kwa kipindi alichokuwa amefariki. Hata hivyo dawa zilinunuliwa, na mguu ukaokolewa.

Ulipofika wakati wa ripoti ya ufuatiliaji, Mkaguzi alikuwa ameshakusanya vielelezo vyake vyote. Hakuna ofisa hata mmoja aliyechunguzwa. Aliyeidhinisha akaunti za wafu alikuwa amepandishwa cheo. Bosi alimwita, safari hii hakumpa mkono. Mbele yake palikuwa na barua kutoka Mfuko, iliyoandikwa kwa adabu, ikieleza kwamba ndugu wa Mkaguzi alipewa huduma maalumu na Mkurugenzi mwenyewe mbele ya mashahidi wengi, na kuuliza, kwa nia njema, kama si busara kazi hiyo ifanywe na mtu mwingine.

"Ni mgongano wa maslahi, mama," bosi akasema bila kumtazama. "Wewe mwenyewe ungesemaje kama ni mtu mwingine?"

Angesema hivyo hivyo. Alikabidhi vielelezo vyote. Aliyepewa kazi alikuwa kijana mwenye haraka, akaandika kwamba uhakiki umefanyika kwa mafanikio makubwa na kwamba mapendekezo, kwa ujumla, yametekelezwa. Mkaguzi alihamishiwa kwenye hesabu za mabwawa ya samaki.

Mwisho wa wiki alikwenda kwa mjomba akamweleza kila kitu: wafu waliolipwa, walio hai waliokula, chai na biskuti, barua. Alieleza kwa muda mrefu, kwa sababu alitaka angalau mtu mmoja ajue. Mzee alisikiliza amefumba macho, na Mkaguzi akadhani amesinzia.

"Sijasema ni mtu mzuri," mjomba akasema hatimaye. "Lakini mwanangu, wewe ulinitafuta kwenye makaratasi hukuniona. Yule mwizi aliniona."

Kisha akamwomba achukue kalamu. Kwa siku nyingi alikuwa akitaka kumwandikia Mkurugenzi barua ya shukrani, lakini mikono yake haikuwa ya kuandika, na mkewe hakusoma. Asiposhukuru, alisema, siku nyingine watakapowaua tena wastaafu, nani atamkumbuka?

Mkaguzi alitafuta karatasi kwenye mkoba wake. Mkaza mjomba alileta taa karibu na meza. Mzee alijiweka sawa kitini, akakohoa kusafisha koo, akaanza kutaja maneno polepole, na mpwa wake akayaandika jinsi yalivyo, kwa mwandiko wake mzuri ambao mjomba ndiye aliyeulipia ada: Mheshimiwa Mkurugenzi, mlezi wetu sisi wastaafu.

"'Mlezi' umeliandika kwa herufi kubwa?" mjomba akauliza.

Akalifuta, akaliandika upya kwa herufi kubwa.