Tabasamu la Jambazi

Sebule ya Mama Pacha ilijaa mpaka wengine tukakalia mikono ya makochi. Tulikuja kutazama sehemu ya mwisho ya tamthilia ya mumewe, ambaye mtaa mzima ulimwita Jambazi kwa sababu kila alipoitwa kuigiza alipewa bastola. Mtu mwenyewe panya akipita anapanda juu ya meza! Sasa tumeshamzika, na tamthilia ndiyo kwanza inafika mwisho.

Katika tukio la mwisho Jambazi anamuaga binti yake mlangoni. Kamera ikamsogelea usoni. Akatabasamu. Sebule nzima ikavuta kamasi.

"Huyo si kaka yangu," akasema wifi yake Mama Pacha.

"Wifi, usianze."

"Tazama vizuri. Mdomo unacheka, macho yapo kwingine. Wamemtengeneza huyo."

Mama Pacha akachukua rimoti, akarudisha nyuma, akaisimamisha picha. "Linaanzia kushoto. Nimeamka na tabasamu hili tangu niolewe, leo unifundishe wewe?"

Fundi simu, ambaye hajawahi kupitwa na mazungumzo, akadakia. "Dada ana hoja. Siku hizi kompyuta inamchekesha hata maiti."

Mtu akamkanyaga mguu.

"Samahani, mama. Ulimi tu."

Basi tukagawanyika. Huku wanasema kidevu kina kivuli cha ajabu, kule wanasema kivuli ni cha luninga yenyewe, ifutwe vumbi. Kelele zikawa zile za zamani, za enzi Jambazi yupo na anatubishia sote.

Lakini Mama Pacha hakuwa kwenye ubishi. Hospitali walimwambia ugonjwa ulikuwa umemla mumewe kwa miezi. Tangu msiba alikuwa akituvuta jikoni mmoja mmoja na swali lake: mtu unalala naye kitanda kimoja, anaumia, wewe hujui? Tabasamu lile lilikuwa limempa jibu. Mwenye maumivu hatabasamu hivyo. Kumbe yalimjia mwishoni tu, na yeye hakuwa mke kipofu.

Akamgeukia mhariri wa picha wa tamthilia ile, bwana mpole mwenye miwani aliyekuwa karibu na mlango tangu mwanzo, chai imempoa mkononi.

"Shemeji, wewe ndiye uliyeikata na kuiunga. Mmelitengeneza?"

Akaweka kikombe chini. "Tabasamu ni lake, shemeji."

"Wifi, umesikia?"

"Ila si la siku ile."

Fundi simu akasogea mbele asikie.

"Siku ya kurekodi alikuwa amekunja uso," akasema mhariri. "Mwongozaji akapenda. Baba anaaga mtoto, acha aumie. Baadaye akaja peke yake ofisini kwangu, akaomba kuiona. Akaitazama, akaniambia, 'Mke wangu akiona hii, atajua.' Akakaa mbele ya kamera, akatabasamu, akaniomba niuchukue mdomo ule niubandike pale."

"Na macho?" akauliza wifi, sasa kwa sauti ndogo.

"Aliniomba na macho pia. Nilijaribu, akawa kama sanamu. Nikayaacha ya siku ile."

"Kwa hiyo alijua anaumwa," akasema Mama Pacha.

Mhariri akavua miwani, akaifuta, asiivae tena.

Mama Pacha akainuka. Tukakunja miguu kumpisha. Akafika kwenye luninga, akaweka kiganja juu ya kioo, akaufunika mdomo wa mumewe. Yakabaki macho peke yake, makubwa, yanatutazama wote tuliojaa mle ndani.

"Haya," akasema polepole. "Haya ndiyo yalikuwa yananitazama mezani kila jioni. Na mimi namwambia, Baba Pacha, kalale, umechoka."

Wifi yake akamfuata, akajaribu kuuondoa mkono ule kwenye kioo. Mama Pacha akakataa kuutoa.